Niliwakata Shingo Watu wa Kitabu cha Mjukuu Wangu

Bwana Mhariri, jina langu usilitie. Si haya, haya zilinitoka zamani. Ni kwamba huku Mji wa Kale nyumba zimegusana mabega, na wako wanawake nisiotaka kuwapa raha ya kunicheka kabla sijamaliza kujicheka mwenyewe.

Nimekosa. Nalisema mapema ili asiyetaka kusoma upumbavu wa mtu mzima ageuze ukurasa, akasome habari za bei ya mchele. Kosa lenyewe nilimfanyia mjukuu wangu, na chanzo chake ni kitabu cha picha. Naam, kitabu cha picha! Mimi, binti wa mwalimu wa chuo, niliyehitimu Kurani wenzangu wakiwa bado kwenye alifu, niligombana na karatasi, na karatasi zikanishinda.

Kazi yangu ni kushona kofia. Lakini mtaani sijulikani kwa kofia, najulikana kwa hadithi. Miaka na miaka, baada ya magharibi, watoto wamekuwa wakijaa ukumbini kwangu, wengine wangali wanatafuna chakula cha kwao, nami nawapa mazimwi, majini na wachawi wa kila sampuli, mpaka wako wasioweza kurudi kwao bila kusindikizwa. Nilikuwa nikijivunia hilo. Mama mtu akija kulalamika kwamba mwanawe amekojoa kitandani kwa hadithi yangu, mimi huona nimesifiwa.

Sasa, tangu vita vilipojaza manowari Kilindini, mji huu umeokota kila takataka ya mabaharia: mikebe, mablanketi, matusi, na vitabu vya picha vya kutisha. Vita vimekwisha, takataka zimebaki. Kule Bondeni palikuwa na Mhindi mmoja wa Kibohora, nimwite Taibali, akiuza nyuzi, sindano na vifungo. Alivinunua vitabu hivyo sanduku zima, akaweka desturi yake: mtoto akitumwa nyuzi dukani kwake huazimwa kitabu kimoja, akimaliza akirudishe. Na mjukuu wangu Hidaya, wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa nikimtuma nyuzi za kofia. Kwa hiyo huyo shetani nilimwagizia mwenyewe, pamoja na nyuzi nyeupe.

Nilipokiona kitabu cha kwanza nilicheka kwa dharau. Hebu fikirini: ukurasa umekatwakatwa vyumba vyumba, kila chumba na watu wake, rangi zao za boga lililooza, maneno yanawatoka midomoni yakiwa ndani ya mapovu. Na huyo wa kutisha sasa! Mzuka mrefu mwenye makucha, anatoka kisimani, amejitanda shuka. Shuka! Mzuka wa kwetu angeona aibu kutoka nje namna ile. Nikamwambia Hidaya, "Hiki ndicho cha kutisha? Mimi nikipiga chafya natisha zaidi."

"Mimi hakinitishi, nyanya," akasema. "Chanichekesha. Lakini watoto wanakipenda sana."

"Watoto gani?"

Akajitia kupanga nyuzi.

Siku chache baadaye nikajua watoto gani. Walikuwa watoto wangu! Magharibi imeingia, ukumbi mtupu. Nikakohoa, nikaita, nikaisogeza taa mlangoni ionekane. Hata paka hakuja. Mara nikasikia vicheko juu darini, nikapanda ngazi na magoti yangu haya mabovu. Wote walikuwa huko, wamemzunguka Hidaya, kitabu kimefunuliwa katikati. Kizungu chake cha skuli hakikutosha kusoma yale mapovu, basi alikuwa akitunga mwenyewe. Kisima alikitia mtaani kwetu. Wale Wazungu wa kwenye picha aliwafanya majirani, kila mmoja na jina lake, na huyu ana matege, na yule ana deni la mkaa. Alikuwa ameanza kwa "Paukwa", wakamjibu "Pakawa", na sauti yake aliipandisha pale pale ninapoipandisha mimi.

Mtu mwenye akili angefurahi, angesema mtoto amerithi. Mimi niliingiwa na wivu, Bwana Mhariri. Wivu wa mke mwenza, juu ya mtoto ambaye bado huogeshwa na mamake! Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ni mjukuu wa kweli, na alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu akiwachukua watu wangu.

Basi nikaanza vijembe. Kila nikikiona kitabu nakibinulia mdomo. Nikamwambia binti yangu Salma, mamake Hidaya, kwamba picha za viumbe wenye roho hazifai kukaa nyumbani, malaika hawaingii. Salma akatazama ukutani, palipotundikwa kalenda ya duka la chai, mwanamke kashika kikombe na meno yote nje.

"Na huyu, mama?" akauliza. "Huyu malaika wamemzoea?"

Nikaondoka na hasira.

Lakini swali lile lilinikumbusha jambo. Marehemu baba hakuruhusu picha yenye kichwa ndani ya nyumba yake. Likija kopo la samaki au pakiti yenye sura ya mtu, alitwaa kalamu akapiga mstari shingoni. Akisema kiumbe kilichokatwa shingo si kiumbe tena, ni pambo tu, na aliyekichora hataambiwa siku ya kiyama akitie roho. Wazee wa zamani wengi walifanya hivyo. Baba alikufa Salma hajazaliwa, na desturi ile ikafa naye. Katika nyumba yetu hakuna aliyepata kuiona ila mimi.

Siku ya pili, adhuhuri, nyumba imelala kwa joto na Hidaya yuko skuli, nikafungua kasha la marehemu nikatoa kalamu yake ya mwanzi. Wino mweusi ulikuwa umekauka zamani. Uliobaki ni mwekundu, ule aliokuwa akitilia alama katika vitabu vyake vya kusomeshea. Nikasema potelea mbali, wino ni wino.

Nikawakata. Ukurasa kwa ukurasa, chumba kwa chumba, mstari mwekundu shingoni: baba, mama, mzee mwenye taa, polisi, mbwa. Kulikuwa na mtoto mchanga kitandani mwake, naye sikumsaza. Mzuka peke yake ndiye aliyenishinda, maana ile shuka ilimfunika mpaka masikioni, shingo haikuonekana, nikamwacha. Nilipomaliza nilijiona nimefanya ibada. Nikakirudisha kitabu chini ya mto wa Hidaya, nikaenda kusali alasiri bila ya hata kupepesa jicho.

Sasa litazameni jambo hili kwa macho ya mtoto. Asubuhi kakiacha kitabu, watu wote wazima. Jioni anakifungua mbele ya wenzake: kila shingo imekatwa na yachuruzika nyekundu, hata kitoto kichanga, na aliyesalimika ni mzuka peke yake, kasimama kwenye kisima chake na makucha yake. Na kisima chenyewe keshawaambia ni cha mtaani, na wale watu ni majirani!

Mimi hilo sikuliona. Miaka yote ya kutisha watoto, sikuliona.

Sikusikia yowe. Nilisikia vishindo vya miguu ikishuka ngazi, kisha kimya. Nilipopanda nilimkuta Hidaya amekaa peke yake, ameishika shingo yake kwa mikono yote miwili.

"Nyanya," akasema, "amewamaliza."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kusema. Ni mimi, mwanangu. Basi, yangekwisha, tungecheka. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Lakini Salma naye alikuwa amepanda nyuma yangu, kakitazama kitabu, rangi imemtoka usoni, na ulimi wangu huu usiojua kupumzika ukasema, "Si niliwaambia?"

Lo, ulimi!

Tangu jioni ile Hidaya akajifunga leso ya mamake shingoni, wala hakuifungua. Joto la kaskazi, hata kuta zatoka jasho, na mtoto kajizonga leso mizungo miwili. Aoga nayo, alala nayo. Skuli akakataa, kwa kuwa njia yapita kisimani. Chakula alikitazama tu. Na hadithi, hakusema tena hata moja, wala hakutaka kusikia zangu. Nikianza kusimulia aliondoka.

Na mtaa je? Mtaa ulipata karamu! Jirani yangu Bi Rehema, ambaye hawezi kusikia adhana vizuri mpaka aambiwe, alisikia kisima kikinung'unika. Mwengine akaona nyayo. Kisima ambacho babu zetu wamekunywa maji yake wakafa kwa uzee wao, kwa siku tatu nne kikawa na makucha na shuka. Na wote walikuja kwangu kuuliza, maana mimi ndiye niliyeonya, mimi ndiye mwenye ilimu. Nikawa mufti wa vitabu vya picha! Nikaketi kwenye busati, nikatafuna tambuu yangu, nikawaeleza namna shetani anavyojificha katika rangi. Waliniitikia kwa vichwa, nami nikawadharau wote kwa kuniitikia.

Watoto wakarudi ukumbini kwangu. Ukumbi ukajaa. Na hapa ndipo uozo wangu ulipo: nilifurahi.

Mwalimu wa mtaa akamwandikia Hidaya kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi apate kunywa. Sahani niliishika mimi. Mtoto anakunywa maneno ya Mungu, macho ananitazama mimi juu ya ukingo wa sahani, na mimi najua maneno yale yametumwa kufukuza kalamu ya mwanzi iliyomo kashani mwangu. Mkono haukunitetemeka. Ningependa kuwaambia ulitetemeka.

Kisha wakamgeukia Taibali. Wanawake waliacha kununua kwake. Watoto wakamwagia taka mlangoni. Mwanamume mmoja, simtaji, aliyekuwa akiviazima vitabu vile akivisoma mwenyewe chooni, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba Mbohora ameleta uchawi wa Ulaya.

Taibali akaja kwetu. Alivua viatu mlangoni, akasimama kwenye sebule na kifuko cha halua mkononi, mimi niko nyuma ya pazia.

"Bi mkubwa, salaam aleikum. Nimekuja kumjulia hali mtoto."

"Mtoto ni huyo uliyemtia maradhi," nikamjibu. "Hali yake waitaka ya nini?"

"Nimesikia ati picha zilikatwa shingo. Wallahi, kitabu sikukitoa hivyo. Wanangu mwenyewe walikisoma kwanza." Akahamisha kifuko mkono wa pili. "Katika sanduku langu kiko chengine, ndugu yake yule yule, kurasa zile zile. Niruhusu nikilete, mtoto akifungue mwenyewe. Akiwaona wale watu wazima, huenda moyo ukatulia."

Mlisikia? Dawa hiyo hapo! Mtu yule alikuwa ameishika dawa mkononi, bure, na kifuko cha halua juu yake. Hidaya angekiona kitabu cha pili, angejua kwamba kile cha kwanza kimechezewa na mkono wa mtu. Na baada ya hapo wangeuliza mkono wa nani.

Nikamwambia, "Umetuletea shetani mmoja, sasa wataka kumletea mwenzake wasihisi upweke? Toka mlangoni pangu. Na halua yako nenda nayo, hatujui umeipikia nini."

Alivaa viatu vyake polepole, nikimwona kwenye mwanya wa pazia. Mwezi haukwisha alifunga duka akahamia kwa nduguye Kisumu. Mtaa ukashangilia. Leo tukitaka uzi twatembea mpaka sokoni, na bado wanashangilia.

Hidaya hakupona. Atapona vipi? Mumewe Salma ni mtu mpole, karani wa bandarini, haniingilii mambo yangu. Lakini jioni moja alikuja akakaa mbele yangu, akanitaka radhi, akasema, "Mama, nyumba hii ina kitu. Nimepata vyumba Tononoka. Nitawachukua Salma na mtoto kabla hajatufia."

Nikasema nyumba yangu haina kitu. Akasema, "Basi mtoto amepatwa na nini?" Nikanyamaza. Hata hapo, nikanyamaza!

Siku ya kufunga mizigo, Salma aliona usaha kwenye leso. Akaamua kuifungua kwa nguvu. Hidaya alipigana nasi kwa mikono na miguu, kimya kimya, mpaka leso ikatoka. Ile shingo, Bwana Mhariri! Vipele vya joto vimegeuka vidonda, na vidonda vimeungana vimemzunguka shingo, mstari mmoja mwekundu kutoka sikio mpaka sikio. Nimeupiga mstari ule mara nyingi adhuhuri ile. Nilikuwa naujua upana wake.

Nikaenda nikafungua kasha. Nikarudi na kalamu na kidau cha wino, nikaitungua kalenda ya chai ukutani, nikaiweka mbele ya Hidaya, nikampiga yule mwanamke mstari shingoni.

Hidaya akaitazama. "Ni wino?" akauliza.

"Ni wino, mwanangu."

"Na kitabu?"

"Ni mimi. Babu yako mzaa mimi alikuwa akifanya hivi. Sikukusudia kukutisha."

Kweli, sikukusudia kumtisha. Lakini hilo lilikuwa la siku moja, na yeye si mjinga. Alikuwa akihesabu kichwani, nilimwona. Salma alikaa chini juu ya mizigo. Hidaya akajigusa shingo kwa ncha ya kidole, akaumia, akashusha mkono.

"Nyanya, siku zote zile ulikuwa waniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Nikivaa leso?"

"Ukivaa leso."

"Nikinywa kombe?"

Akangoja jibu kwa adabu, kama alivyofunzwa, kisha akamgeukia mamake akamwambia yuko tayari waende.

Niliwaita wanawake wa mtaa nikawaambia ukweli wote, na kalamu nikawaonyesha. Mnajua Bi Rehema alisema nini? "Maskini, jini amemwingia na yeye, sasa anamchukulia jini dhambi zake." Mpaka leo yuko anayeamini hivyo, na kisima kile bado wanakikwepa jioni. Walinisadiki nilipodanganya, niliposema kweli wakanihurumia. Kwa Taibali nimetuma salamu za kuomba radhi kwa mtu aendaye Kisumu. Majibu sijapata, wala sistahili.

Hidaya amepona. Shingo imebaki na alama hafifu, yuko skuli, analala chumbani peke yake. Nikienda Tononoka anakuja mbio ya adabu, si ya furaha, anabusu mkono, "Shikamoo, nyanya," ananiletea maji kwa mikono miwili. Nikianza hadithi anangoja nimalize sentensi, kisha asema, "Naomba ruhusa nyanya, nina kazi ya skuli." Huenda chumba cha pili. Jumamosi iliyopita nilimsikia huko na watoto wa majirani, wamejifungia, wanacheka, na yeye sauti anaipandisha. Nilikaa na gilasi yangu ya maji. Hakuna aliyeniita.

Nanyi mnaosoma haya, hasa nyie wazee wenzangu mnaojua kila kitu: vitabu vile mimi bado navidharau, vina sura mbaya na mashuka. Kama unakichukia kitabu, kitwae mbele ya mtoto, ukichane akikuona, alie, akuchukie siku mbili. Ni haki yake. Lakini usikiharibu kwa siri, halafu ukakaa na tambuu yako ukamtazama akiogopa, kwa kuwa hofu yake imekupa heshima.

Mzuka wa kitabu Hidaya amekwisha kumsahau. Mimi hajanisahau.